Foleni ya Misalaba

"Duara!"

"Mraba!"

"Nakwambia duara, Thekla. Mtu akiona mhuri wa duara anajua hii ni serikali. Mraba ni wa duka la—"

"—na mimi nakwambia mraba una tarehe, na bila tarehe hawa watu hawata—"

"—la viatu! Mraba ni wa duka la viatu!"

"—hawatanyoosha hata kidole! Mimi nimelelewa na karani, Jupp. Baba yangu alikuwa anapiga tarehe hadi kwenye mayai."

"Basi piga yote miwili."

Wakaitazama ile mihuri mkononi mwa Jupp.

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Walikuwa wamejibana nyuma ya kombi ya Volkswagen iliyoandikwa ubavuni UFUNDI WA MABOMBA. Kombi ilikuwa imeegeshwa nyuma ya ukumbi wa chama cha walenga shabaha, mjini Hohenrode, kilomita tisa tu kutoka mpaka wa Ujerumani Mashariki. Jumamosi, Septemba 1957. Ndani ya ukumbi tarumbeta zilikuwa zinakoroma, na wanaume mia mbili waliowahi kushindwa vita walikuwa wanakula keki kana kwamba walishinda.

Redio ya Telefunken ikakohoa.

"Chura Mkuu kwa Chura Mdogo. Saa?"

"Nane na dakika hamsini," Thekla akajibu.

"Mtu wetu?"

"Yuko ndani. Anakula keki ya plamu. Kipande cha tatu."

"Mnunuzi?"

"Yuko ndani pia. Huyu hali. Ana wasiwasi."

"Amri ni ileile. Hakuna risasi. Hakuna kumgusa mpaka filamu iwe mkononi mwako. Hakimu wa mji amekaa meza moja naye. Mkuu wa polisi ndiye anayemmiminia kahawa."

"Na filamu ikivuka?"

Redio ikakwaruza.

"Ikivuka, kesho alfajiri wale tisa wanagongewa milango. Kwisha."

Kata.

Tisa.

Watu tisa upande wa Mashariki waliokuwa wanaipasha habari kwa siri ofisi ya ujasusi ya Thekla Oberbeck, upande wa Magharibi. Daktari mmoja, mchungaji mmoja, fundi wa mitambo, na wengine wa hivyo hivyo, watu wa kawaida wenye roho ngumu. Namba nne kwenye orodha alikuwa mwanamke wa reli pale Magdeburg, mwenye kazi ya kupanga treni za usiku. Jina lake Hanne Oberbeck.

Dada yake Thekla. Tumbo moja.

Ndiyo maana mikono ya Thekla ilikuwa imetulia kuliko kawaida. Ikitulia hivyo, Jupp huwa anasogea pembeni.

Jupp Kürten alikuwa mtu wa Cologne, kitambi mbele, mzaha mbele ya kitambi. Zamani alikuwa anatengeneza vinyago na mizinga ya karatasi ya sherehe za kanivali. Ofisi ilimchukua ikampa karakana, naye hajawahi kutambua kwamba kazi imebadilika.

"Sikiliza, dada," akasema akimkabidhi mihuri. "Huu wa duara, kwenye mpini kuna sumaku. Huu wa mraba, ukibonyeza hapa, unatema wino. Mita mbili. Zambarau. Hautoki wiki nzima, nimejaribu kwa shemeji yangu."

"Shemeji yako alisema nini?"

"Hadi leo hasemi na mimi. Raha tupu."

Thekla akavaa koti la kijivu, lile koti ambalo mtu akilivaa tu anaonekana ana mafaili. Sikioni akatia kifaa cha viziwi. Ndani yake kulikuwa na kipokezi cha redio. Kwenye ukosi akabana bruchi, kipambo cha pini, yenye maikrofoni. Ndani ya mkoba akatia bastola ya Walther PPK, karatasi za stakabadhi na faili moja jembamba la kahawia.

Faili la Kanali Lothar von Quastedt, yule wa keki ya plamu.

Nalo tulisome, maana halichukui muda. Maisha ya mtu kama huyu yanaenea kwenye kurasa nne.

Mwaka 1939, wenzake walipoingia Poland wakipigwa risasi, yeye alikuwa nyuma anahesabu farasi. Akakosea hesabu. Akapandishwa cheo. Mwaka 1941 alikuwa Paris, akilinda ghala la makochi ya watu waliofukuzwa majumbani mwao, akiyalinda kwa kuyalalia. Mwaka 1943, kwenye mto Dnieper, alikipeleka kikosi chake darajani, na yeye akaondoka siku hiyo hiyo kwa ajili ya jino. Aprili 1945 alimnyonga mzee mmoja mpeleka barua kwa kosa la kutundika shuka jeupe dirishani. Siku mbili baadaye alijisalimisha kwa Wamarekani. Alitumia kitambaa cha meza. Kilikuwa kikubwa kuliko shuka la mzee.

Baada ya vita? Mafuta hayazami. Kwenye kambi ya mateka aliwauza rafiki zake kwa sigara. Kisha akaandika ripoti moja ya siri akaiuza kwa Wamarekani, akaiuza kwa Waingereza, Wafaransa akawauzia nakala ya kaboni. Akafungua kampuni ya machungwa isiyo na chungwa. Mwisho, wakubwa fulani wakaona mtu mwenye uzoefu kama huu asipotee bure, wakamtia ofisini kwa akina Thekla. Kiti cha ngozi, ufunguo wa kabati.

Kabati la majina.

Miezi miwili iliyopita aliyapiga picha yale majina tisa kwa kamera ndogo ya Minox. Wiki hii wakainasa kadi yake ya posta, iliyokwenda kwa mnunuzi, Bwana Zschoche, mtu wa Saxony kule Mashariki: *Msalaba wangu wa zamani utakuwa tayari Jumamosi, saa tisa na nusu, baada ya keki.*

Hapo ndipo palipokuwa na akili. Maana Julai ile sheria mpya ilitoka: watu ruksa kuvaa tena nishani zao za vita, bora alama ya Hitler iwe imeondolewa. Nchi nzima wanaume wakaingia chini ya vitanda kutoa vikopo vya biskuti walimozificha. Bwana Zschoche alikuwa anazunguka kwenye mikutano ya wapiganaji wa zamani na sanduku lake, anapokea misalaba ya zamani, ile nishani ya ushujaa, analeta mipya isiyo na alama. Kazi halali kabisa. Nani atashangaa kanali akimpa msalaba?

Na saa kumi na moja Zschoche awe ameshavuka mpaka.

"Sasa wewe," Jupp akauliza, "utamfanyaje atoe msalaba kwako na siyo kwa Zschoche? Utamwomba?"

"Simwombi kitu."

"Ila?"

"Nakwenda kuweka meza."

*

Aliingia kwa mlango wa mbele. Hakumsalimia mtu.

Akakunjua meza ndogo katikati ya ukumbi. Akaweka pedi ya wino. Akaweka mhuri wa duara kulia, wa mraba kushoto, akainyoosha ikae sawasawa. Akasimamisha kibao: UKAGUZI WA NISHANI. FOLENI HAPA.

Akakaa. Akaanza kuchonga penseli.

Sekunde kumi.

Ishirini.

Tarumbeta zikakata. Mzee mmoja akaacha keki mdomoni akasimama. Mwingine akasimama kwa sababu yule kasimama. Hakuna aliyeuliza ukaguzi gani, wa nani, kwa amri ya nani. Meza ipo, mhuri upo, kibao kipo, sasa maswali ya nini? Dakika moja haikwisha, foleni imefika jikoni.

"Mungu wangu," Jupp akanong'ona sikioni mwake. Alikuwa anachungulia dirishani. "Mimi mizinga ya karatasi haijawahi kunipa hii."

Kanali von Quastedt hakusimama.

Alikuwa amekaa meza ya juu, nywele zimepakwa mafuta, jicho moja linacheza. Mke wake, ambaye ukumbi mzima ulikuwa unamwita Bibi Kanali kana kwamba yeye ndiye aliyehesabu farasi, alikuwa anamkatia kipande cha nne. Kanali akaisukuma sahani. Akamtazama Zschoche pembeni. Zschoche akatikisa kichwa kidogo: *tulia, usiende.*

Thekla aliliona. Akageuza ukurasa.

"Tunaanza na mwenye cheo kikubwa," akasema kwa sauti bapa. "Ni nani?"

Akatokea mzee mrefu, mkono mmoja wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini, hauna kitu ndani.

"Luteni Kanali Biesterfeld, bibi mkaguzi."

"Basi wewe ndiye mkubwa hapa."

"Kwa kweli yuko—"

"Mimi sisikii vizuri. Kwenye fomu naandika: mkubwa wa wote waliohudhuria, Luteni Kanali Biesterfeld. Namba moja."

Akachovya mhuri.

Kiti kikakwaruza kule meza ya juu.

"Subiri!"

Ee, bwana. Majina tisa kifuani, mnunuzi anamkonyeza asiende, kitanzi kinamsubiri akikosea. Lakini kumwona luteni kanali anaandikwa namba moja, na yeye kanali mzima yupo? Hapana. Mtu wa aina hii utamchukulia nyumba na nchi, atavumilia. Nafasi yake kwenye foleni humchukulii.

Akashuka mbio nusu. Tumbo lilitangulia, heshima ikafuata nyuma.

"Mimi ni kanali. Kanali Lothar von Quastedt. Biesterfeld, rudi nyuma."

"Naam, Bwana Kanali," Biesterfeld akarudi hatua moja. Moja tu.

"Nishani," Thekla akasema.

Kanali akabandua beji ndogo ya majeraha akaiweka mezani.

"Jeraha lipi?"

"La vita!"

"Sikusikia."

"LA VITA!"

Ukumbi wote umesikia. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Na Msalaba wa Chuma? Hapa imeandikwa daraja la kwanza."

"Huo... nimeuacha nyumbani."

"Lothar," mke wake akasema kutoka meza ya juu, kwa upole kabisa, "si uko mfuko wa ndani? Asubuhi nimekuona unautia."

"Kaa kimya, Irmtraud!"

"Nimekaa."

Foleni ikaanza kunung'unika. Na manung'uniko ya foleni ya Kijerumani si mchezo.

"Kuna nini huko mbele?"

"Mtu mmoja anachelewesha."

"Nani huyo?"

"Kanali."

"Hata kama kanali! Kahawa inapoa!"

"Bwana Kanali," Biesterfeld akasema kwa adabu yote ya dunia, "utaratibu ni utaratibu. Toa basi."

Jasho likamshuka shingoni. Akautoa. Akaushika sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa.

"Nitarudishiwa sasa hivi?"

"Stakabadhi namba moja," Thekla akasema. Mhuri wa duara, pap! Wa mraba, pap!

Kanali akaitazama ile karatasi yenye mihuri miwili. Uso wake ukalegea kama mtoto aliyepewa ziwa. Akauachia msalaba.

Thekla akaugusa kwa mpini wa mhuri wa duara.

Haukunasa.

"Bwana Kanali. Msalaba wa Chuma, katikati yake kuna nini?"

"Ushujaa."

"Chuma. Kuna chuma. Huu sumaku inaukataa."

Akabana kucha kwenye ukingo, akazungusha. Msalaba ukafunguka kama kikopo cha ugoro. Ndani, kijiroli cha filamu, chembamba kuliko njiti ya kiberiti.

"Chura Mdogo kwa Chura Mkuu," akaiambia bruchi yake. "Ninayo."

"Rudia."

"Filamu ninayo."

Hapo mambo yakaenda haraka.

Kanali akatia mkono ndani ya koti. Bastola, Sauer ya zamani, mdomo mweusi. Thekla hakuigusa Walther yake. Alinyanyua mhuri wa mraba akabonyeza.

Fyaaa!

Wino wa zambarau, usoni, machoni, kwenye masharubu. Kanali akafyatua. Risasi ikaenda juu ikapiga kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani, mnyama aliyekwisha kufa mara moja. Thekla akamkanyaga mguu, akamkunja kiwiko, akamlaza kifudifudi mezani. Bastola ikadondoka. Pingu. Klik.

Sekunde nne.

Zschoche alikuwa ameshapita jikoni. Akaruka sufuria la krimu, akatoka mlango wa nyuma, akarukia pikipiki yake ya DKW. Akapiga teke.

Kimya.

Akapiga tena.

"Unaitafuta hii, mzee?" Jupp akauliza. Alikuwa ameegemea ukuta, anarusha plagi ya pikipiki mkononi kama njugu.

"Mimi ni mfanyabiashara tu! Nauza nishani!"

"Nimekuona. Mimi nilikuwa nauza vinyago. Tofauti ni kwamba wateja wangu walikuwa wanajua wanavaa uongo."

Zschoche akatupa ngumi. Jupp akamrushia kitambi. Yule bwana mwembamba akakaa chini mwenyewe.

"Chura Tumbo kwa Chura Mdogo. Wa pili yuko kapuni."

Ndani ya ukumbi hakuna aliyekimbia. Risasi imelia, kanali ana rangi ya zambarau, kulungu hana pua, na wanaume mia mbili wamesimama palepale kwenye foleni. Atoke nani apoteze nafasi?

Mkuu wa polisi wa mji ndiye aliyekuja, uso mwekundu, keki kwenye vishikizo.

"We mwanamke, unajua unamfunga nani? Kwa amri ipi?"

Thekla akampa karatasi. Akaangalia mhuri wa duara. Akaangalia wa mraba. Akaitazama tarehe.

Akapiga saluti.

"Samahani, bibi."

"Mshenzi huyu hana akili!" Kanali akabweka, shavu limebanwa mezani. "Polisi gani wewe! Wapiganaji! Wenzangu! Mtamwacha mwanamke huyu? Mimi ndiye niliyelishika daraja la Dnieper! Siku tatu! Mwulizeni Biesterfeld!"

Biesterfeld akasogea. Ile hatua moja aliyorudi nyuma akairudisha.

"Mimi nilikuwa darajani," akasema taratibu. "Mkono wangu bado uko kule. Wewe tuliambiwa umeitwa makao makuu, kwenda kutuletea mizinga."

Thekla akafungua lile faili la kahawia. Akasoma mstari mmoja tu, hakuhitaji zaidi.

"Tarehe hiyo, Königsberg. Daktari wa meno."

Ukumbi ukawa baridi.

"Jino gani?" Biesterfeld akauliza.

"La juu, kushoto."

"Waliling'oa?"

"Waliliziba tu."

Biesterfeld akamtazama kanali muda mrefu, kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. Hakumtemea mate. Aliinama, akaokota ile stakabadhi namba moja iliyoanguka chini, akaikunja vizuri na kumchomekea kanali mfuko wa kifuani.

"Shika, Lothar. Ndiyo nishani pekee uliyoipangia foleni mwenyewe."

Kisha akageuka kwa Thekla.

"Mimi sasa ni namba moja?"

"Wewe ni namba moja."

Akampigia mihuri yote miwili. Jupp alikuwa anamwita kutoka nje, redio inamwita sikioni, lakini mzee yule alikuwa amesubiri miaka kumi na minne.

*

Kanali alitolewa kwa mlango wa nyuma, ule wa mapipa. Alikuwa anadai kupelekwa kwa gari la hadhi yake. Jupp akamfungulia nyuma ya kombi, akamkalisha kati ya mabomba mawili ya choo, jirani na Zschoche.

"Mimi nina mambo ya kuwaambia wakubwa wenu," Kanali akaanza. "Mambo makubwa. Tunaweza kuelewana."

"Ripoti hiyo ina nakala ya kaboni?" Jupp akamuuliza, akapiga mlango.

Redio ikakohoa.

"Chura Mkuu. Magdeburg?"

"Namba nne anaingia kazini leo usiku kama kawaida," Thekla akasema. "Wote tisa. Kama kawaida."

"Vizuri. Rudi kwa treni, usionekane na kombi."

"Sawa."

Kata.

Kombi ikaondoka. Thekla akaingiza kijiroli cha filamu ndani ya kisigino cha kiatu, akawasha sigara ya Juno, akanyoosha koti la kijivu, akaanza kutembea kuelekea stesheni. Nyuma yake ukumbini tarumbeta zilikuwa zimeanza tena, taratibu, bila uhakika. Akatia mikono mifukoni.

Visigino vikalia nyuma yake.

Ko. Ko. Ko. Haraka.

Mkono ukaenda kwenye Walther.

Alikuwa mke wa kanali, kofia kichwani, mkoba kifuani, anahema. Thekla akajiandaa. Katika kazi hii wake huja na vitu viwili, machozi au asidi.

"Bibi Kanali, siwezi kukusaidia. Atapelekwa—"

"Usiniite hivyo. Naitwa Irmtraud. Atapelekwa wapi sijauliza." Akavuta pumzi. "Ni miaka mingapi?"

"Kumi. Labda kumi na tano."

"Kumi na tano," akasema, kama mtu anayeonja supu.

Akafungua mkoba. Thekla akatoa bastola nusu.

Funguo. Funguo za gari, kwenye pete ya ngozi.

"Lile la kijani pale, Borgward. Hizi nilizichukua kwenye koti lake wewe ulipokuwa unachonga penseli. Miaka minane nakaa kiti cha abiria nimeshika ramani. Cheti cha udereva sheria inataka mume asaini, naye alikuwa anasema mwanamke na gia ni kama mbuzi na kinanda." Akamkamata Thekla mkono, akamtia funguo kiganjani, akakifunga kiganja kwa vidole vyake vyote kumi. "Treni nyingine itakuja. Hebu nifundishe kuendesha. Sasa hivi, kabla hawajamaliza kahawa."